Damu Irudi kwa Mwenyewe

Mjomba wangu anasema mtu hastaafu kabla ya miaka thelathini; mtu wa umri huo huacha kazi, au kazi humwacha. Mimi nasema nimestaafu. Kamera yetu ya mionzi imefunguliwa, imetiwa masandukuni na kuvushwa kwa feri kwenda hospitali nyingine upande wa Mombasa. Mkataba wangu umekwisha pamoja nayo, na chumba nilichofanyia kazi tangu nitoke chuo kikuu sasa kinatumika kuwekea mashuka. Ninyi wawili mtakaoipokea kamera huko ng'ambo mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Maelekezo ya mashine mnayo, tena yameandikwa na walioitengeneza. Mimi nitawaandikia habari ya hofu, kwa kuwa hiyo ndiyo niliyoijua vizuri kuliko mashine.

Siku ya kwanza niliogopa mlango. Ulikuwa mlango wa mbao kama mingine yote ya hospitali ile ya Diani, lakini ndani yake mlikuwa na bamba la risasi, metali nzito inayozuia mionzi, kwa hiyo ulifunguka polepole kama mtu anayeamshwa bila kupenda. Juu yake palikuwa na ile alama ya mionzi, ya njano yenye mapanga matatu meusi. Nilikuwa nimesoma fizikia ya mionzi miaka yote ile, nikafaulu, nikapigwa picha na joho. Nilipofika pale nilisimama nje kwa muda mrefu nikijifanya nasoma tangazo la kunawa mikono. Aliyenifungulia alikuwa Bwana Mutua, mkuu wa chumba, mtu mnene wa Shimba Hills ambaye wazazi wake walikuja kulima huko kutoka Ukambani. Aliniuliza kama nimemaliza kulisoma tangazo, au aniletee lingine.

Ndani alinionyesha kila kitu kwa mpangilio ule ule ambao nami nimekuwa nikiwaonyesha wageni: kwanza kinga, halafu hatari. Meza yenye ukuta mdogo wa risasi na kioo kizito cha kuchungulia. Mikebe ya risasi ya kuwekea sindano. Kifaa cha kuhesabu mionzi ambacho hulia tiki, tiki, hata pale ambapo hakuna kitu, kwa kuwa mionzi kidogo iko kila mahali, hata kwenye mchanga wa pwani na kwenye ndizi. Maelezo hayo hayakunituliza. Usiku ule nyumbani Msambweni nilikula wali bila ndizi.

Kisha akanionyesha ng'ombe. Ndivyo mafundi wa kazi hii wanavyoliita lile pipa dogo zito ambalo lilitufikia kila wiki kutoka uwanja wa ndege. Ndani yake mna madini ambayo huoza polepole na kuzaa dawa yenye mionzi. Asubuhi unapitisha maji ya chumvi, nayo yanatoka na dawa; hiyo ndiyo kukama. Ukishakama, unamwacha ng'ombe ajaze tena kiwele chake. Dawa yenyewe haikai: kila saa sita nusu ya nguvu yake imekwisha. Huwezi kuiweka akiba, huwezi kusema kesho. Bwana Mutua alikuwa na msemo wake, "Hii kitu haingoji mtu," na aliusema mara nyingi hata nikawa nausikia akiwa hayupo.

Kazi yetu hasa ilikuwa kuifuata damu. Damu haionekani inavyopita mwilini, na kumpasua mtu ili uiangalie ni njia mbaya ya kuiangalia. Basi unamtoa mgonjwa damu kidogo, inayojaa kijiko. Unaichanganya na chumvi ya bati, ambayo huingia ndani ya chembe nyekundu na kuziandaa. Halafu unatia ile dawa, nayo hukamatwa humo humo. Sasa chembe zile zina alama. Unazirudisha kwenye mshipa wa mgonjwa, unamlaza chini ya kamera, na kamera inahesabu miale inayotoka mwilini mwake. Utauona moyo ukifumba na kufumbua, utaiona mishipa mikubwa, ini, wengu. Na kama mahali fulani ndani ya tumbo pana tundu linalovuja, utaona doa la mwanga mahali ambapo halikustahili kuwa, linakua, kisha linaanza kutambaa pamoja na utumbo.

Mara ya kwanza nilipouona moyo kwenye kioo cha kompyuta sikufurahi, ingawa nimeshasikia watu wakisimulia kwamba walilia kwa furaha. Nilichowaza ni kwamba ukisimama, utasimama mbele yangu. Nikauhesabu mpaka mgonjwa alipoinuka na kuvaa viatu.

Mamangu naye alikuwa na hofu zake. Aliniuliza kama nitazaa. Nikamwonyesha kipimo kidogo nilichobandika kifuani, kinachorekodi mionzi ninayoipata, nikamweleza kwamba hukaguliwa na kwamba changu kiko chini sana. Akasema kipimo hakijawahi kumlea mtoto. Kwa muda mrefu nilipofika nyumbani nilioga kwanza kabla ya kumshika mpwa wangu. Nilijua kwamba haikuwa lazima, na nilioga hivyo hivyo. Nawaambia haya ili msije mkawacheka wagonjwa. Mtu aliyesoma anaoga mara mbili. Asiyesoma mtamtaka asiogope chochote?

Kwani wagonjwa wetu waliogopa kitu kingine kabisa. Pwani yote mtoto hukua akiambiwa habari za mumiani, watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu wakaifanye dawa. Nasi tulikuwa tunafanya nini? Tunamtoa mtu damu, tunaingia nayo chumba kisicho na dirisha, tunafunga mlango wa risasi, kisha tunatoka na sindano tukisema ni damu yake ile ile, sasa inang'aa. Mzee mmoja wa Shimoni aliniuliza kwa adabu sana kama inarudi yote au kuna inayobaki. Nilimjibu kwamba inabaki kidogo kwenye kichupa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo, akavaa kofia yake, akaenda zake. Bwana Mutua aliniambia baadaye kwamba ukweli una dozi yake. Tangu hapo tuliwaruhusu ndugu kusimama nyuma ya kioo na kutazama.

Mimi hofu yangu kubwa haikuwa mionzi wala mumiani. Ilikuwa kwamba damu moja itarudi kwa mtu mwingine. Mionzi tuliyotumia haiwezi kumuua mtu siku hiyo. Damu ya kundi lisilo lake inaweza, hata ikiwa kijiko kimoja. Na damu zote zinafanana. Zikiwa kwenye sindano mbili mezani hakuna macho yatakayozitenga; kinachozitenga ni jina tu. Kwa hiyo nilikuwa nauliza jina wakati mgonjwa anaingia, nauliza nikiwa na sindano mkononi, na wengine niliwauliza hata wakitoka. Wauguzi wa wodini waliacha kuniita Saumu, wakaniita Bi. Jina Lako Nani. Hawakuwa wakinisifu.

Siku ninayotaka kuwasimulia tulikuwa na wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa Bi. Mwanahawa, mama wa Msambweni aliyekuja kupimwa nguvu za moyo kabla ya kuanzishiwa dawa kali. Wa pili alikuwa Bi. Mwanasiti, mwanamke mzee wa Majoreni. Huyu alikuwa akitokwa na damu tumboni, choo cheusi, anazirai akisimama. Walikuwa wamemwingiza kamera ndogo ya kupitia mdomoni wasione kitu, wakamwingiza ya kupitia chini wasione kitu. Aliongezewa damu, ikavuja nayo. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kumpasua, lakini utumbo ni mrefu na hakujua akate wapi. Akisubiri, mgonjwa angekwisha. Akipasua kwa kubahatisha, mwili ule haukuwa na nguvu ya kubahatishwa. Alitaka tumwonyeshe mahali, tena damu ikiwa bado inavuja, kwa sababu ikitulia kwa muda picha haionyeshi chochote.

Bwana Mutua alipanda wodini kutoa damu za wote wawili, mimi nikabaki kukama. Aliziteremsha, nikazitia alama moja baada ya nyingine, nikaziweka kila moja kwenye mkebe wake wa risasi, jina juu. Kwa kuwa hali ya Bi. Mwanasiti ilikuwa mbaya, yeye ndiye aliyeletwa kwanza.

Alikuja kwenye kitanda cha magurudumu, dripu imening'inia, uso una rangi ya majivu. Aliyefuatana naye alikuwa mkaza mwana wake, mke wa mwanawe, aitwaye Riziki. Riziki alikuwa amebeba kandambili za mgonjwa mkononi kama vile wakati wowote angeinuka na kuzidai. Nikamwamkia bibi shikamoo. Akaitika marahaba, macho yamefumba. Nikamuuliza jina lake.

"Mama Bakari," akasema, kisha akapotelea usingizini.

Nikautafuta mkanda wa jina mkononi mwake. Haukuwapo. Riziki akaeleza kwamba aliukata alfajiri, maana ulibana na maji ya udhu hayakufika kwenye ngozi, na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, alikataa kuswali hivyo. Mkanda ulikuwa umeshatupwa. Basi nikamuuliza yeye: mgonjwa wako anaitwa nani?

"Si hapo pameandikwa," akasema.

Nikamwomba alitaje yeye mwenyewe. Akaziangalia kandambili.

"Ni huyo huyo."

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu, nje ya mkebe. Bwana Mutua alikuwa kwenye kompyuta ameshaiweka kamera sawa. Alisema bila kugeuka kwamba damu ameitoa yeye na jina amelisoma yeye, na kwamba hii kitu haingoji mtu. Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa ni daktari wa upasuaji, akisema presha ya mgonjwa inashuka na anauliza tumefika wapi. Bwana Mutua akamjibu tumefika.

Mimi nilijua vizuri sana kwa nini Riziki hataji jina. Kwetu ni hivyo hivyo. Mkaza mwana halitaji jina la mavyaa, ni utovu wa adabu mkubwa. Dada yangu amepewa jina la bibi mzaa baba, na mpaka leo mamangu hajawahi kumwita binti yake mwenyewe kwa jina hilo, humwita Mama. Kwa hiyo kimya cha Riziki hakikuwa cha kuficha. Kilikuwa heshima. Lakini nikawaza: mtu anayejua na kuheshimu, na mtu ambaye hajui kwamba kuna kosa, mbele yangu wote wawili wanafanana. Wote wananyamaza na kutazama chini. Halafu nikawaza kwamba ninamchelewesha mtu anayekufa kwa sababu ya mawazo kama haya. Halafu nikawaza kwamba yule Mutua hajui mila hii, kwao labda wana nyingine, na kwamba wodini naye aliuliza jina akanyamaziwa hivi hivi. 

Sikuwa na hoja ya kumwambia mtu yeyote. Nikasoma jina la mkebe wa pili.

"Basi, dada, huyu ni Bi. Mwanahawa?"

"La," Riziki akajibu papo hapo. "Mwanahawa ni yule mama wa Msambweni. Tumebadilishana naye vitanda jana, mavyaa alitaka kile kinachoelekea kibla. Mwanahawa yuko pale mlangoni, tulipokuwa sisi."

Jina la yule mwingine alilitaja kama anavyotaja chumvi. Bwana Mutua aligeuka.

"Na kadi?" akauliza. "Zile kadi za vitanda?"

"Kadi ni za hospitali. Sisi hatukuzigusa."

"Ngai," akasema Bwana Mutua, akimtaja Mungu kwa Kikamba, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. Alikuwa amesoma kadi. Aliyekuwa na mkanda alikuwa amelala mkono chini ya khanga, asiye na mkanda hakuwa na wa kumsemea, dawa ilikuwa inaisha nguvu, naye akasoma kadi.

Nikairudisha sindano kwenye mkebe.  

Bwana Mutua alikuwa wa kwanza kuzungumza. Alisema basi ni rahisi, tugeuze: iliyoandikwa Mwanahawa ndiyo ya bibi huyu, iko tayari, tumpe sasa hivi. Ninyi pia mtalifikiria hilo, kwa hiyo nawaambia nilivyomjibu. Nilimuuliza Riziki kama alikuwapo damu ilipotolewa. Akasema la, alikwenda kujaza maji. Na asubuhi hiyo hiyo wauguzi waliwahamisha tena kidogo wagonjwa hao walipotandika mashuka, hakujua kama damu ilitolewa kabla au baadaye. Nikamwambia Bwana Mutua: sasa hivi tunajua jambo moja tu, nalo ni kwamba hatujui.

"Atakufa tukingoja," akasema.

"Na tukikosea atakufa mikononi mwetu."

 Bwana Mutua akaichukua mikebe yote miwili, akaipeleka kwenye kabati la taka za mionzi, akaifungia. Nilimwogopa wakati ule, maana niliona anavyoumia. Na nilijiogopa mimi zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimetupa kitu ambacho pengine kilikuwa sahihi. Baadaye tulipouliza maabara tuliambiwa makundi ya damu ya akina mama wale hayapatani. Lakini wakati ule hatukulijua hilo. Ilikuwa mimi na wasiwasi wangu tu.

Sasa ilibidi kumkama ng'ombe aliyekamwa asubuhi, ambaye hana maziwa mengi, na ilibidi kumtoa bibi damu mara ya pili. Hapo ndipo Riziki alipoweka mkono juu ya mkono wa mavyaa wake.

"Mlichukua asubuhi," akasema. "Mnataka tena. Akifa, nikasemeje Majoreni?"

Hakupaza sauti. Mumewe Bakari alikuwa amekwenda mnadani Samburu kununua mbuzi na simu yake haikupatikana tangu jana. Riziki alikuwa peke yake na mama wa mtu. Jina la mumiani hakulitaja, lakini lilikuwa chumbani pamoja nasi.

Nilitegemea Bwana Mutua angetafuta maneno laini. Ndiye aliyenifundisha habari za dozi ya ukweli. Hakutafuta. Alimweleza kwamba damu ya asubuhi ameitoa yeye, akaiandika vibaya yeye, na kwa kuwa hajui tena ni ya nani, haitarudi kwa yeyote. Akamfungulia kabati, akamwonyesha mikebe kwa mbali. "Haijaenda popote, mama. Imekaa hapo. Makosa ni yangu, si yako na si ya huyu msichana."

Riziki akaitazama mikebe. "Na hii ya pili nitajuaje?"

Nikamwambia kwamba itakuwa mbele ya macho yake tangu inatoka mpaka inarudi, yeye upande ule wa kioo na mimi upande huu. Nikamwambia pia lile lililobaki, ambalo nilikuwa naliogopa zaidi kuliko sindano. Mkanda hakuna. Kadi tumeona mambo yake. Bibi hawezi kusema. Muuguzi anajua kadi tu. Hapa hospitalini mtu pekee anayemjua mwanamke huyu ni wewe. Damu ikitoka utalitaja jina lake lote, na ikirudi utalitaja tena. Kwa sauti.

"Unajua unaniambia nini," akasema. Alikuwa amesikia kwenye matamshi yangu kwamba mimi ni wa huko huko.

"Najua."

Bwana Mutua hakuelewa tulichokuwa tukisubiri, lakini kwa mara ya kwanza hakutuhimiza. Riziki aliziweka kandambili chini. Akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa bibi, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia yote, nilisikia "mama, niwie radhi." Kisha akainuka, akatazama ukutani, akasema, "Mwanasiti binti Hamisi Mwakoja."

Lilitoka kama mtu anayerukia maji asiyoyajua kina. Nikaliandika kwenye sindano akiwa anatazama kila herufi.

Kusubiri chumvi ya bati ifanye kazi yake ni kitu ambacho hakifupishiki. Nilikuwa nyuma ya kioo cha risasi, yeye nje yake, kichupa kiko kati yetu. Hakupepesa macho. Nami niliogopa hata kukikohoa kikohozi kilichonishika, asije akadhani ni ishara. Daktari alipiga simu tena. Bwana Mutua alimwambia tumeanza upya na kosa ni lake, kisha akakaa ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Ng'ombe alitoa kidogo, lakini kilitosha. Nilipotoka na sindano Riziki alinifuata bega kwa bega kutoka kwenye kioo mpaka kitandani. Akalitaja jina mara ya pili kabla sijamuuliza. Nikaingiza.

Mnapoingiza, msiangalie kamera. Muangalieni mgonjwa. Nilimwangalia bibi usoni, nikihesabu pumzi zake, nikisubiri atetemeke, ajikune, ashike kifua. Hakufanya hata moja. Bwana Mutua akasema moyo huo hapo. Kisha mishipa mikubwa. Kisha ini. Kisha kwa muda mrefu hakusema neno, na nikajua kwamba hakuna doa.

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa toka mwanzo: kwamba damu imeshatulia, kwamba tumekosa wakati wake, kwamba damu itaanza tena baadaye bila sisi. Nilisimama nyuma ya kiti chake, macho kwenye kioo cheusi chenye punje nyeupe, nikawa naona madoa kila mahali. Nilimwonyesha moja, akasema ni figo. Nikamwonyesha jingine, akasema Saumu, kaa chini. Nikakaa. Riziki alikuwa amesimama upande wa pili, anatuangalia nyuso zetu badala ya picha, jambo ambalo ndugu wote wa wagonjwa hufanya, na ambalo hamtaweza kulizuia.

Doa lilitokea chini kulia. Mwanzoni sikulitaja, nikidhani ni langu tena. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Picha iliyofuata lilikuwa limevimba. Iliyofuata lilikuwa limeanza kujisogeza, likapanda, likapinda kona. Bwana Mutua aliweka kidole juu ya kioo akalifuata doa mpaka kona ile, akaishika simu kwa mkono wa pili. Alimwambia daktari mwanzo wa utumbo mpana, kulia, na kwamba unavuja sasa hivi tunavyozungumza. Kisha akaikata simu, akafuta alama ya kidole kwenye kioo kwa ncha ya koti.

Waliondoka naye papo hapo. Bi. Mwanahawa tulimwomba radhi, tukampangia siku nyingine. Alisema tumemfunga njaa bure na kwamba kitanda cha mlangoni kina upepo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya minazi, nilipanda kwenye chumba wanapoamshiwa waliopasuliwa. Sikuwa na kazi huko. Nilisimama mlangoni, kwa sababu ningeingia ningeonekana nimekuja kuuliza jina tena. Daktari alikuwa ameshakata kipande, akaunganisha, akasema damu imekoma. Lakini bibi alikuwa haamki. Muuguzi alimpigapiga shavuni akimwita shosho, kama watu wa bara wanavyowaita bibi zao, akimwita mama, akimwita Mama Bakari, hakuna. Akamwambia Riziki amwite yeye kwa jina, sauti anayoijua, kwa maana wakati mwingine mtu hurudi kwa jina lake.

Riziki alinitazama pale mlangoni. Sikuwa na sindano safari hii, sikuwa na haki ya kumtaka lolote. Akauinamia uso ule wa majivu.

"Mwanasiti binti Hamisi," akaita. Tukasubiri. Nikasikia dripu ikidondoka. "Mwanasiti binti Hamisi Mwakoja."  Akaita mara ya tatu, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa.

Midomo ilisogea kwanza.

"Labeka," akasema bibi, macho bado yamefumba. Akapumzika. Kisha: "Ni wewe unayelipaaza jina langu hivyo, mkaza mwana? Utalipa kuku."

Ndiyo faini ya kulitaja jina la mavyaa, hata kwetu Msambweni. Riziki alikuwa ameshauficha uso kwenye shuka.

"Nitalipa, mama," akasema humo humo ndani ya shuka. "Mmoja hatatosha."